Miezi Minne ya Kuchagua Gari

Kiinua mgongo changu kilipoingia, nilimwambia mume wangu kwamba nataka gari. Nilikuwa nimestaafu uuguzi baada ya miaka thelathini na kitu ya kuzalisha wake za watu, na miaka yote hiyo nilikwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli, na mwishoni kwa bodaboda, nimekamata pindo la gauni jeupe lisinaswe na mnyororo. Mahitaji yangu yalikuwa mafupi. Mama mkwe anaishi Amani, juu milimani, magoti yake yamechakaa, na kila mwezi lazima ateremshwe Tanga mjini kwa daktari wa mifupa. Sisi tunaishi Pongwe. Nilitaka gari dogo lililonyanyuka juu kidogo, liweze kupanda matope ya masika, na liwe ni gari ambalo fundi yeyote wa Muheza akifungua boneti hashangai. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Ilichukua miezi minne, kwa sababu nimeolewa na mwalimu wa jiografia.

Mjini tulipata magari mawili, kila moja kwenye yadi yake, yote yametumika Japani kabla ya kuletwa huku. La kwanza lilikuwa la kawaida, rangi ya fedha, la aina ile ambayo ukisimama barabara ya Muheza nusu saa utayahesabu mpaka uchoke. La pili lilikuwa la Kizungu, bluu iliyokolea, viti vya ngozi, dirisha kwenye paa la kutazamia mawingu, na mbele puani limebandikwa nembo inayong'aa ambayo hata mtoto wa chekechea anajua maana yake. Kwa ukubwa yalilingana karibu sawa. Kwa bei, tofauti yake ingetosha kuchimba kisima. Mimi niliyatazama yote mawili mara moja, nikasema tuchukue la fedha. Mume wangu akasema jambo kubwa kama hili halitaki pupa.

Kesho yake alirudi kutoka shuleni na karatasi ya manila. Akaitandaza mezani, akachukua rula na kalamu za rangi tatu, akachora jedwali kama anaandaa somo la mvua na upepo. Gari la kawaida upande huu, gari la nembo upande ule. Chini akapanga mistari: unywaji wa mafuta, upatikanaji wa spea, kimo kutoka ardhini, nafasi ya mizigo, usalama, starehe. Kila mstari una alama zake, kumi kwa kumi. Halafu akaibandika sebuleni, ukutani, mahali ambapo mgeni yeyote akiketi lazima aisome.

Mwanzoni nilicheka. Wiki ya tatu nikaacha kucheka. Kila jioni alikuwa anatazama video za watu wanaoendesha magari hayo kwenye barabara za lami zisizo na hata kokoto, kisha anainuka na kubadilisha alama. Saba inakuwa sita na nusu. Siku moja niliporudi sokoni nikakuta ameongeza mstari mpya, kwa kalamu nyekundu: heshima. Gari la kawaida amelipatia nne, la nembo amelipatia kumi.

Nilimuuliza heshima inapimwa kwa kifaa gani. Akanijibu, kwa sauti yake ya darasani, kwamba kuna vitu havipimiki lakini vipo. Nikamwambia kwamba pesa ni zangu na magoti ni ya mama yake, kwa hiyo heshima ya nani tena inatafutwa hapo? Alifunika kalamu yake akatoka nje kumwagilia migomba, iliyokuwa imenyeshewa mchana kutwa.

Jirani yetu ni Mpemba, mfanyabiashara wa karafuu na mchele, mtu mpole, mchache wa maneno. Karibu kila siku baada ya sala ya alasiri hupita kwetu kunywa kahawa. Huyu ndiye mtu pekee aliyeisoma ile manila kwa moyo wote. Alivaa miwani, akasimama mbele yake, akauliza maswali ya maana: hizi spea ni bei ya Tanga au ya Dar es Salaam? Hiki kimo ni gari likiwa tupu au limepakia? Mume wangu alifurahi mno. Alimpeleka yadi zote mbili, akamfungulia maboneti, akamweleza mpaka mambo ya mashine ya kupimia injini. Kila baada ya siku kadhaa jirani akauliza kama tumeshaamua, na kila mara mume wangu akamjibu kwamba bado tunatafakari.

Katika kutafakari huko tuliyaendesha yote mawili. Tulichukua barabara ya Tongoni kwa sababu ina vipande vya mashimo na mchanga. Gari la kawaida niliendesha mimi, na sikuwa na la kusema juu yake. Lilikwenda, lilisimama, halikuniuliza kitu. Gari la nembo aliliendesha yeye kwenda, na mimi kurudi, na hapa niseme kweli ambayo sikumwambia siku ile: lilinipendeza. Ukifunga mlango, dunia inanyamaza. Kiti kinakupokea mgongo kana kwamba kinakujua una miaka mingapi. Nilikasirika kwa kupendezwa. Dalali wa yadi, aliyekaa kiti cha nyuma, alinisoma usoni akaanza kusema gari hili limenikaa, na mimi nikamwambia kiyoyozi chake kina harufu.

Mwezi wa tatu mama mkwe alikuja kwa ajili ya kliniki, nikaona hapo mambo yatakwisha, maana mwenye safari mwenyewe amefika. Tulimpeleka kwenye yadi zote mbili. Gari la kawaida aliingia kwa kuketi kwanza kisha kuvuta miguu, akashuka vilevile, amejishikilia mlangoni. Kwenye gari la nembo kiti kilikuwa kimechimbika katikati na kunyanyuka pembeni, kama beseni. Alizama. Alisema pazuri. Lakini alipotaka kutoka magoti yalikataa, ikabidi mimi nimshike mkono mmoja, mwanawe mkono mwingine, na dalali amsukume mgongoni huku akiomba radhi. Tulimtoa. Mama alijitengeneza kitambaa kichwani, na uso wake ulikuwa umebadilika kwa aibu.

Nilimtazama mume wangu. Akasema atazoea.

Usiku ule nilikaa kitandani nikiwaza kwamba mtu niliyeishi naye miaka yote hii amebadilishwa na mwingine. Si mtu wa makuu. Suruali zake anashona viraka mwenyewe. Sikuelewa, na nilishachoka kujaribu kuelewa.

Siku tisa baadaye, saa kumi na moja jioni, gari la rangi ya fedha liliingia uani kwa jirani. Nilikuwa ninaanua nguo. Nililijua kwa mkwaruzo mdogo uliokuwa kwenye bampa ya nyuma, upande wa kushoto. Niliupapasa kwa kidole changu mwenyewe pale yadi. Jirani alishuka, akaja moja kwa moja kwetu na ufunguo mkononi, anataka kutushukuru. Mume wangu alikuwa kibarazani anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, mie nimekuuliza mara nyingi," jirani alisema alipoona uso wake. "Kila mara waniambia bado. Nikaona basi nyie mwalitaka lile jingine. Na kazi yote ulishaifanya wewe. Mie nimesoma tu pale ukutani."

Hakukuwa na kosa hata moja katika maneno yake, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimpongeza, nikamwambia gari ni zuri, Mungu alibariki. Alipoondoka, mume wangu alisema kwa utulivu kwamba sasa uamuzi umekuwa rahisi.

Nilibandua manila ile ukutani. Sikuichana, niliikunja mara nne nikaiweka juu ya madaftari yake. Nikamwambia kwamba kesho naenda mjini peke yangu.

Nilikwenda. Nilimwambia mwenye yadi nataka gari kama lile la fedha, rangi yoyote. Baada ya wiki tatu likaja, la kijani kilichofifia, rangi ya mboga iliyochemshwa kupita kiasi. Nilililipia, nikaliendesha mpaka Pongwe. Mume wangu alilizunguka mara moja, akagonga tairi kwa kiatu, akasema limekaa vizuri. Tangu hapo hatukugombana. Hatukuzungumza pia, zaidi ya chumvi na maji.

Kwa siku kadhaa nilimpeleka shuleni asubuhi, na kila siku alitaka nimshushe kwenye duka la saruji, hatua mia mbili kabla ya geti. Alisema anataka kunyoosha miguu. Siku ya nne mvua ilikuwa inamwagika, na yeye akasema nimshushe palepale. Hapo ndipo uvumilivu uliniishia. Nikapita duka la saruji bila kupunguza mwendo, nikaingia getini, nikasimama mbele ya ofisi za walimu.

Gari la bluu lilikuwa limeegeshwa pale, mwavuli umefunguliwa mlangoni. Halikuwa lile la yadi, lakini lilikuwa ndugu yake kabisa: rangi ileile, nembo ileile puani. Akashuka kijana wa miaka thelathini na kitu, suti safi. Alipomwona mume wangu akaja mbio kwenye mvua kumfunika.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, na akaniinamia na mimi dirishani, akaniamkia. "Mama, huyu ndiye aliyenifundisha kusoma ramani. Kidato cha pili nilikuwa sijui hata kaskazini iko wapi."

Mume wangu aliitikia marahaba, akamwita mkuu, wakaenda pamoja chini ya mwavuli mmoja. Mkuu wa shule. Nilijua wameletewa mkuu mpya tangu mwanzo wa mwaka. Mume wangu alikuwa amenitajia siku moja, wakati anavua viatu, kwamba ni kijana. Hakuniambia ni kijana gani. Nafasi ile yeye mwenyewe alikuwa ameitarajia kwa miaka, na mara ya mwisho nilimpigia pasi shati la kwendea usaili kwa mikono yangu.

Nilikaa na injini ikinguruma mpaka vioo vikaingia ukungu. Nilimhurumia, ndiyo, lakini huruma haikuja kwanza. Kwanza zilikuja hasira. Miezi minne, kalamu za rangi tatu, mama wa watu anasukumwa mgongoni na dalali, na jambo lenyewe lingesemwa kwa pumzi moja tukiwa tunakula. Kisha nikajikasirikia mimi. Nimekaa wodini miaka yote ile nikiwauliza wanawake wanaumwa wapi, na nyumbani kwangu sikuuliza.

Jioni nilimpikia wali wa nazi na dagaa, nikasubiri amalize.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ningesemaje?" alisema. "Kwamba namwonea wivu mtoto niliyemfundisha? Na bahati mbaya ni mtoto mzuri. Angekuwa na kiburi ningepata pa kushikia."

Nikamwambia angesema hivyohivyo. Akafikiri kidogo, akasema kwamba angejua yatatoka mepesi namna hiyo angeokoa manila. Alikuwa hatanii, na mimi sikucheka, lakini aliniongezea maji kwenye glasi bila kuombwa. Kesho yake nilimshusha getini.

Mwisho wa mwezi tulikwenda Amani kumchukua mama. Mume wangu ndiye aliyeendesha. Baada ya Muheza barabara ilianza kupanda, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope mekundu kwenye kona. Gari lilipanda. Alilalamikia kiti kwamba kinabana paja, akalalamikia kelele za upepo mlangoni, akalalamikia redio. Nilimwacha alalamike.

Mama alikuwa tayari nje, amevaa kitenge kipya, amezungukwa na majirani zake watatu, wanawake wa umri wake, waliokuja kuaga. Tulishuka, tukawaamkia wote. Mama alilishika gari boneti kwa kiganja, kama mtu anayepima mtoto homa, akawageukia wenzake.

"Gari la mwanangu," aliwaambia. "Amenunua kwa ajili ya magoti yangu."

Wanawake wakamshangilia mume wangu, wakamwombea maisha marefu, mmoja akamshika mikono yote miwili. Nilimwona akifungua kinywa kutaka kusahihisha. Ni mwalimu, hawezi kupita kosa. Alinitazama kwanza. Miaka thelathini na kitu ya zamu za usiku ilinipanda kooni, nikaimeza. Nilitikisa kichwa kidogo tu, kumwambia aache.

Akaacha. Akawashukuru wale mama, akamfungulia mama yake mlango, akamsubiri aketi kwanza kisha avute miguu. Mimi nikapanda nyuma na kikapu cha parachichi mapajani. Niliudhika mpaka tukafika Muheza.