Siku Ubao Ulipogeuzwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, mlango wa chuma wa duka la kubadilishia fedha umeinuliwa nusu tu, na mwanamke mwenye sweta ya kijivu amesimama juu ya kigoda akifuta ubao kwa kitambaa kibichi. Simu ya meneja inalia. "Haya, andika," meneja anamwambia, chai ikiwa bado mdomoni. Kununua, sitini na moja na nusu. Kuuza, sitini na tatu. Mwanamke anaandika tarakimu moja moja, anashuka, anarudi nyuma hatua tatu na kuusoma ubao kwa sauti. Hapo ndipo anaruhusu mlango ufunguliwe wote.

Wateja wa hapa mpakani wanamwita Dada Ubao. Ana miaka arobaini na nne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza hapa. Kazi aliirithi kwa baba yake, aliyepanda kigoda hichohicho kwa miaka thelathini na miwili mpaka magoti yakagoma.

"Watu wanadhani ni kuandika namba tu," anasema akipangusa chaki mikononi. "We kosea nukta moja uone. Hapa patawaka moto."

Akishamaliza ubao, anaiandika bei ya siku kwenye daftari. Hakuna aliyemtuma. Ni mazoea ya baba yake: tarehe, bei ya kununua, bei ya kuuza, basi. Hakuna habari ya mvua wala ya msiba. "Baba hakuwa mtu wa maneno. Mama alikuwa akisema hata barua ya posa ilikuwa mistari miwili."

Katika ukurasa wa kwanza kabisa, miaka hamsini na moja iliyopita, noti moja ya nchi jirani ilinunuliwa kwa nne za kwetu. Leo inazidi sitini. Ukifungua madaftari haraka haraka unaiona fedha yetu ikishuka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na inatia huruma.

Miaka mitatu iliyopita mzee alianza kusahau. Alianza na funguo, ikafuata njia ya kwenda kwa kinyozi, mwisho akamsahau binti yake wa pekee.

"Nilimpelekea dawa, akaniambia, 'Asante dada, Mungu akubariki. Nyumbani kwako hawajambo?' Nikaenda jikoni nikalia mpaka uji ukaungua."

Theluthi ya mshahara wake sasa inakwenda kwenye dawa, na theluthi nyingine kwa mama jirani anayeshinda na mzee mchana kutwa. Kinachobaki, anasema, hakitoshi hata kukigombania.

Madaftari yalifunguka kwa bahati. Jioni moja alikuwa akiyafuta vumbi, akasoma mstari mmoja kwa sauti: kumi na moja na robo. Mzee akajibu palepale kutoka kitandani: "Siku hiyo kioo cha dirisha la pili kilivunjika. Meneja alikuwa anaumwa jino, shavu limemvimba huyo!"

Dada Ubao hakuamini. Kesho yake akamwuliza mlinzi wa zamani wa duka. Kweli tupu, shavu na kioo.

Tangu hapo kila jioni anamsomea, na mzee kwa kila bei ana kisa. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja ambao Dada Ubao aliukwepa, wa siku aliyozaliwa yeye. "Nilitaka anifikie mimi. Nikawa naogopa. Huo nao ukishindwa, nitasoma nini tena?"

Jumapili iliyopita alijipa moyo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, daftari la saba mapajani, akatafuta tarehe, kisha akakunja uso. Kununua, tisa na senti tisini. Kuuza, tisa na senti ishirini.

Mambo yalikuwa kichwa chini miguu juu. Duka lililonunua ghali na kuuza rahisi! Mtu angeweza kununua noti dirishani, akazirudisha dirisha hilohilo, akaondoka na faida. Na aliyeandika ni mtu asiyekosea hata koma.

Aliona haya kumsomea mzee kosa lake. Akalisoma hivyohivyo.

Mzee alikaa kitako, akaangua kicheko mpaka mama jirani akachungulia mlangoni.

"Siku hiyo niliugeuza ubao! Simu ilileta mawili kwa pamoja, bei, na habari kwamba mke wangu kajifungua. Nikaandika, akili yote iko kwa mtoto. Saa nne watu wamejaa mpaka barabarani, mimi nadhani wamekuja kunipongeza!"

"Wakakufanya nini?"

"Walinikata mshahara miezi mitano. Meneja alitaka kunila nyama. Wala sikujali. Nina mtoto wa kike!"

Dada Ubao alifunga daftari. "Yuko wapi huyo mtoto, baba?"

"Yuko kazini. Siku hizi ubao anaandika yeye. Mwangalifu kupita kiasi, hata kucheka hacheki." Mzee akamshika mkono. "Dada, ukimwona mwambie ile miezi mitano sijaijutia hata siku moja. Na mwambie ale. Anakonda."

"Nitamwambia, baba."

Jikoni, akiosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi, hakujifanya shujaa. "Hakunijua. Imeniuma, sitaki kudanganya. Ila mimi nilidhani nimeshafutika kichwani mwake. Kumbe nipo, kanipeleka kazini tu."

Ataendelea kusoma. Madaftari yaliyobaki ni mengi, na yakiisha ya mzee, kuna miaka kumi na tisa ya kwake mwenyewe.

Lakini kwanza ana jambo. Amemwomba meneja asubuhi moja tu mwezi ujao. Ubao ushushwe mpaka usawa wa kiti, mzee aletwe, ashike chaki, aandike bei ya siku hiyo kwa mkono wake. Meneja alikuna kichwa, akauliza kile ambacho meneja yeyote angeuliza: je, akiugeuza tena?

"Nimemwambia asiufute," anasema Dada Ubao, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Watu wajae mpaka barabarani. Mshahara wanikate mimi."