Pizazi Katikati ya Soko la Koboko

Harufu ya unga uliochachuka, ukimwagwa juu ya bamba la chuma lenye moto, hunirudisha Koboko mara moja. Ndivyo Mama alivyopika kisra, ule mkate wetu mwembamba, nje ya nyumba ambayo paa lake lilikuwa bado turubai. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Kongo muda mfupi tu, na kama familia nyingi za Wanubi zilizokimbia vita vya 1979, tulikuta ua wetu umemea nyasi. Mimi sikulalamika. Nilikuwa na umri wa kufurahia kila kitu, hata turubai, maana mvua ikinyesha lilipiga kelele tamu.

Mjomba Rajabu, mdogo wake Mama, ndiye aliyetuletea neno pizazi. Kabla ya vita alikuwa mhudumu wa hoteli Kampala, na huko aliwasikia wageni wa Kiingereza wakilitumia kusifu kitu chenye mvuto wake wa pekee. Akalibeba hadi Kongo na kulirudisha salama, ingawa sufuria zetu zote zilipotea njiani. Kofia iliyolazwa upande ilikuwa na pizazi. Jogoo wa jirani alikuwa nayo. Mwalimu wetu wa hesabu, alisema kwa kunong'ona, hakuwa nayo hata chembe. Tukimwuliza maana yake, alinyanyua birika juu ya kichwa na kumimina chai kwenye kikombe kilichokuwa chini kabisa, bila tone kumwagika. "Chai ni ile ile," alisema. "Lakini mumeona?" Tulikuwa tumeona.

Mwaka huo dada yangu Zainabu aliolewa na kijana wa ng'ambo ya pili ya mji. Desturi yetu ni kwamba kwao bibi harusi hupeleka chakula kwa kina bwana harusi, wasichana wakibeba kichwani masinia yaliyofunikwa kwa kawa za ukindu wa rangi. Watu huhesabu masinia. Sisi tulikuwa na chakula cha sinia moja: kisra na kuku wetu wa mwisho. Tayari shangazi wa bwana harusi alikuwa amesema kisimani kwamba wakimbizi wataleta kawa tupu. Mama aliona aibu mno, akaamua mimi, niliyepewa kulibeba sinia, nipitie njia ya nyuma, kwenye mashamba ya mihogo, watu wasinione.

Mjomba alikataa. "Dada, ukificha, watajua iko na aibu. Huyu mutoto atapita katikati ya soko."

"Na sinia moja?"

"Moja. Lakini na pizazi."

Mama akageuka kando kufuta macho. Niliogopa sana, kwa kuwa nikijikwaa, heshima ya dada yangu ingemwagika vumbini pamoja na kuku. Mjomba aliniweka sinia kichwani. "Mikono chini, macho mbele, usikimbie," aliniambia. "Leo wewe ndio harusi." Akachukua ngoma, tukatoka. Sokoni wauza mihogo walikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Muuza vitenge akaacha kupima kitambaa. Ndipo nikasikia kigelegele kirefu kuliko vyote, na nikaijua sauti. Mama, ambaye alikuwa amebaki nyumbani, alinipita akicheza, mabega yakitikisika, ndani ya gauni lile lile la ukimbizini, mbele ya mji mzima.

Kwa kina bwana harusi, shangazi yule alifunua kawa. Akatazama kisra, akatazama kuku, halafu akamtazama Mama aliyekuwa akihema. "Sinia iko moja," alisema, "lakini soko yote imekuja nayo." Akanawa mikono, akala wa kwanza.

Baadaye Kiswahili cha vitabu kilinipa mbwembwe na madaha. Ni maneno mazuri, ila ukisikia mbwembwe unashuku kwamba ndani hamna kitu. Pizazi ya Mjomba ilikuwa na kuku wetu wa mwisho ndani yake. Sasa naishi Arua, kule Mvara, na binti zangu wakiolewa, masinia hupelekwa kwa gari, yamejaa pilau hadi juu. Nashukuru, kwa sababu njaa naijua. Lakini gari likipita sokoni, watu husogea pembeni tu lipite. Siku ile walisimama.