Nilialika majirani kwenye grupu waje kuvuna ulezi wa mama, hakuna aliyejibu

Wakuu, heshima kwenu. Hii imenitokea mwenyewe wiki iliyopita na sijatia chumvi.

Kwetu ni Mbalibali, Serengeti, ila kazi yangu iko Mwanza. Mama aliteleza akavunjika mguu, nikaomba likizo ya wiki moja nikaja.

Nakuta ulezi umekomaa shamba zima, na tembo wameshakula nusu ya shamba la jirani wa pili. Mama yuko kitandani na POP yake mguuni, kila saa anauliza, "Umeanza kukata?" Ulezi huo ndio chakula chake cha mwaka.

Nikajiona mjanja. Nikaandika kwenye grupu la kijiji: "Ndugu zangu, Jumatano naomba msaada wa kuvuna kwa mama." Nikaweka na vile vimikono vya kuomba.

Wakasoma wote. Aliyeandika baada yangu alikuwa anauza ng'ombe.

Jumatano nikakata peke yangu mpaka saa nane mchana. Viroba viwili na malengelenge kibao. Nikaingia ndani nimenuna, nikamwambia mama watu wa zamani wameisha, siku hizi kila mtu na lake.

"Ulienda kwa nani?" akauliza.

Nikamwonyesha simu. Mama akacheka mpaka akashika mguu.

Akaniambia mtu akitaka watu shambani anatembea nyumba kwa nyumba, anakaa, anakunywa kitu, ndipo anasema shida yake. Sisi Wakurya tunaita risaga: leo watu wako kwako, siku nyingine mko kwa mwingine. Nilikuwa naijua tangu utoto, sijui ilinitokaje kichwani.

Nikaanza na Mama Bhoke, jirani yetu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mura. Ujumbe wako niliuona. Nilikuwa nangoja miguu yako."

Wakuu, niliona aibu hiyo, acha tu.

Nikapita nyumba tisa. Kila nyumba togwa, na kukataa huwezi. Nilirudi natembea kwa shida, tumbo limejaa.

Ijumaa asubuhi wakaja, kila mtu na kisu chake. Kina mama wanaimba. Mama tumemtoa nje kwenye kiti, anaamrisha watu kama mwenyekiti wa kijiji. Walivyoona ninavyokata wakanibatiza Mura wa Mtandao (mura kwetu ni kijana), na jina limeshika.

Saa nane ulezi wote ulikuwa uani. Mama alilia kwa furaha, na mimi sikuwa mbali.

Watu wakiwa wanakunywa togwa, Mama Bhoke akaniita. "Jumanne ni kwangu."

Jumatatu nilitakiwa kuwa ofisini.

Nilichojifunza: nilikuwa nawalaumu majirani wameacha kujaliana, kumbe aliyeacha kwenda kwao ni mimi.

Je, kwenu bado mnaalikana hivi? Tiririkeni, ila nitachelewa kuwajibu. Bosi kanuna lakini kaniongezea siku mbili, kisu nimeshanoa, na kesho ndiyo Jumanne.