Mpaka wa Mitaa Uliopita Uani Kwetu

Mji wa Homa Bay ulipopangwa upya, mama yangu alipandishwa cheo bila kutoka jikoni kwake. Afisa wa mipango, binti mpole mwenye ramani ndefu kumliko mwenyewe, aliitandaza mezani kwetu akatuonyesha: huku mtaa wa makazi ya hadhi ya juu, kule mtaa wa watu wa kawaida. Mpaka ulikata boma letu katikati. Nyumba ya mama iliangukia juu. Ya mama mkubwa, mke wa kwanza wa marehemu baba, ilibaki chini, hatua chache tu kutoka kwetu.

Jioni ile mama alinywa chai kwa kikombe cha wageni.

Siku chache baadaye nikamsomea masharti. Mtaa wa juu hauruhusu kufuga kuku, wala kupanda mahindi mbele ya nyumba, wala kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani.

"Omena pia?"

"Omena hasa."

Akafikiri kidogo, kisha akabeba karai lake la omena akavuka uani. Mama mkubwa alikuwa mlangoni akichambua mboga.

"Karibu, mheshimiwa," akasema. "Leo umeshuka kututembelea?"

Mama akaanika omena wake. Kesho yake akavusha kuku. Kuku wakaanza kutaga huko, na mama mkubwa akashikilia kwamba yai lililotagwa mtaani kwake ni lake. Hapo mama akajifunga kitenge cha kanisani, akamshika mwenzake mkono, wakaenda kwenye mkutano wa maoni ya wananchi. Mimi nikafuata nyuma.

"Mpandisheni huyu dada yangu," mama akamwambia yule afisa.

"Nipande niende wapi?" mama mkubwa akadakia. "Mshusheni yeye!"

Ukumbi mzima ukacheka.

"Mama, wewe mwenyewe unatakaje?" afisa akauliza.

Mama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechora ile ramani. "Haya, nishusheni," akasema, kwa sauti ya waziri anayejiuzulu.

Mstari ukafutwa kwa raba, ukachorwa upya nyuma ya migomba yetu. Mama alininunia siku tatu kwa kosa la kujua kusoma.

Mtaa wa juu sasa unaanzia kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu mwenye ng'ombe wanne. Alituita tukasherehekea naye. Masharti bado hajayaona, na mama amenikataza kabisa kumwonyesha.