Jiwe la Mama Mlangoni

Mama alipolifikia jiwe lake la kusagia alisimama, akainua mguu, kisha akaurudisha chini. Jiwe lilikuwa limejengewa kwenye ngazi mpya ya mlango wa mbele, saruji pande zote, uso wake uliobonyea ukitazama juu. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Wiki tatu alikuwa kwangu Nyamira akitibiwa macho, na mdogo wangu wa kiume, mwenye duka hapo Suneka, akaona huo ndio wakati wa kumrembeshea nyumba. Nilichemka.

"Mawe yote ya Gusii yameisha?"

"Dada, hasira ya nini? Nani bado anasaga na mkono? Posho mill iko hapo tu."

Posho mill, eti! Ile inayorudisha unga wa wimbi umechanganyika na mahindi ya jirani. Mvua ikinyesha kidogo stima inapotea, na siku hiyo ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Jiwe lile halijawahi kungoja stima. Lilitulea watoto sita, na mama alilitumia mpaka siku aliyokuja kwangu. Leo mtu mzima na ndevu zake analifanya pahali pa kupangusia matope!

"Si nilikutumia picha?" Akatoa simu. Kweli, ngazi ile, jiwe katikati, na chini yake jibu langu: "Safi sana! Mama atafurahi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimelitazama jiwe lililonilea, nikaona pambo.

Ilikuwa Ijumaa, jua linaelekea kuzama, na Sabato ya mama haiguswi na nyundo. Kwa hiyo siku nzima ya Sabato alitoka na kuingia kwa mlango wa nyuma, hata akiwa na nguo yake ya kanisani. Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Jumapili asubuhi nilichukua nyundo na patasi ya marehemu baba. Mdogo wangu alileta mashine yake ya kukatia mawe, akatafuta pa kuichomeka, akakumbuka stima haijarudi. Nikapiga magoti, nikaanza kugonga saruji kwa hasira yangu yote, juu yake na juu yangu mwenyewe.

Mama akaja kutoka nyuma na ungo wa wimbi, akaketi kando akingoja.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Lisiumie tena."