Mahindi ya Mama Ndani ya Kompresa

Leo nimegombana na mama juu ya kelele, na sasa naomba kelele hiyo isiishe.

Studio yangu hapa Kanyakine ni chumba cha kulala chenye blanketi ukutani. Jikoni iko nyuma ya huo ukuta. Juzi nilinunua kompresa, ile ya bei ya chini: kisanduku kinachoshusha sauti kubwa na kuinua ndogo.

Nimerekodi wimbo wa kanisa, nikausikiliza.

Kati ya mistari, mahindi! Mama alikuwa anapukuchua mahindi kwa karai, na kompresa imeyainua mpaka yanasikika kama mvua kwa mabati.

Nikatoka na hasira.

"Mama, si nilikuomba dakika tano tu za kimya?"

"Mimi nimenyamaza, Mutwiri. Hayo ni mahindi yanaongea."

Nikarudi nifute. Kabla ya kufuta nikazungusha kitufe cha kompresa kuinua zaidi zile sauti ndogo (sijui kwa nini), nikafunga macho.

Ndani ya ile mvua kuna mtu anaimba.

Sauti ya pili, chini kabisa, inanifuata mstari kwa mstari kama mtu anayetembea na wewe kwa ukungu.

Mama aliacha kwaya tulipomzika baba. Miaka sita sijamsikia akiimba.

Sijamwambia. Akijua, atanyamaza tena.

Nyinyi mngefuta?

Mimi nimemwambia wimbo haujatoka vizuri, nitarudia kesho.

Halafu nikamburutia gunia lingine la mahindi mpaka mlango wa jikoni.