Mwanga Uliotafuta Wekundu Usoni Mwangu

Wa kwanza kulaumiwa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, mwenye saluni hapa Lodwar. Ndiye aliyeniambia chunusi kwa mwanamke wa umri wangu ni aibu, eti nani atanunua samaki kwa mtu mwenye uso wa kuku aliyenyonyolewa. Wa pili ni muuza vipodozi wa Kakuma ambaye wifi alinipeleka kwake. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anachagua mbuzi. "Mama, hii iko muzuri sana. Utarudia musichana." Mkebe wenyewe ulikuwa na maandishi nisiyoyajua. Nikapaka.

Chunusi zikaondoka kweli, halafu zikarudi na ukoo wao wote. Zilipoisha mara ya pili ziliacha wekundu mashavuni, na huo ukakataa kuondoka. Kwa ngozi yetu si wekundu wa nyanya, ni rangi ya ini bichi. Kanisani walinong'ona kwamba nimeanza kunywa. Nikawa nauza samaki nimejifunika leso mpaka puani, jua la Lodwar unalijua. Nilitaka kitu kimoja tu, nikae sokoni uso wazi.

Wifi akaja tena. "Kuna mtu ameleta mashine ya leza. Inafuta hayo yote."

"Na wewe anakupa nini?"

"Wewe hata Mungu akikunyeshea mvua utauliza maji ameyatoa wapi!"

Nilikwenda, lakini baada ya harusi ya binti yangu kule Kalemng'orok. Huko shangazi yangu mzee alinibariki mbele ya watu kwa desturi yetu, akanipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya kondoo, kuanzia kwenye nywele mpaka shingoni. Kesho yake nikanawa kwa sabuni ya mche, nikarudi Lodwar.

Mwenye mashine alikuwa amekodi chumba nyuma ya duka la dawa. Koti jeupe, viatu vya kung'aa. Katika Lodwar hii yenye vumbi, mtu wa viatu vya kung'aa mimi simwamini. Akavaa miwani nyeusi, akaniletea vifuniko vya macho.

"Kama ni mwanga tu, mbona unajificha?"

"Ni usalama, mama."

"Wako au wangu?"

Akacheka. Akanieleza kwamba mwanga ule unatafuta wekundu, unapiga vimishipa vya damu vilivyobaki chini ya ngozi baada ya chunusi.

"Itajuaje wekundu upi ni wa chunusi na upi ni wa Mungu?"

"Mashine inajua, mama. Umepaka kitu chochote? Krimu, losheni, poda?"

"Hapana."

Na sikudanganya. Udongo ule ni baraka. Hakuna mtu kwetu anayeuhesabu pamoja na losheni.

Nikamwambia aanzie juu ya paji, penye nywele, mahali leso inafika, ili akiniharibu nipate pa kuficha. Akasema haya, mama ana mambo. Mashine ikalia pa! Nikahisi kaa la moto limerukia kichwani, na chumba kikajaa harufu ya mafuta ya kondoo jikoni. Akaruka nyuma. Akapangusa kwa pamba, pamba ikatoka nyekundu.

"Mama! Hii ni damu?"

"Ni udongo wa harusi."

"Si nilikuuliza?"

"Uliuliza krimu. Umekuja kuchoma watu wa Turkana na hujawahi kuuliza wanabarikiwaje?"

Akaniwekea kitambaa cha baridi. Akakwangua mabaki kwenye nywele na masikio, akanisafisha mashavu mara nyingi, akasema sasa ni safi, tuendelee, safari hii itakuwa kama mpira wa kufungia noti umenichapa tu. Nikaomba kioo. Lengelenge lilikuwa limeshavimba penye nywele. Chini yake mashavu yangu, rangi ileile ya ini.

Nilitamani akubali kunipa sababu ya kumwamini. Kusema ukweli, nilitamani sana.

"Anza na mkono wako," nikamwambia. "Nikiona hauungui, nitalala."

"Hiyo tu?" Akakunja mkono wa koti. Kisha, kabla hajauelekeza mwanga kwake, akanyoosha kidole polepole, akabonyeza kitufe, na namba kwenye kioo cha mashine ikashuka.

"Mbona umepunguza?"

"Ni majaribio tu, mama. Majaribio hufanywa kwa nguvu ndogo."

"Na mimi ulinijaribia kwa ipi?"

Akatazama mashine. Nikavaa viatu vyangu, nikafunga leso.

Binti yangu anasema pengine alisema kweli, mashine zote huanza chini. Pengine. Kwenye paji langu hakuanza chini. Kovu ninalo, na wekundu bado ninao, na asubuhi hii nimeuza samaki bila leso. Anayetaka kutazama atazame, mradi anunue.